Buluu Iliyotangulia

Fundi wa rangi alifika saa mbili asubuhi, na kazi ya kwanza ikawa kuuvua ukuta mapambo yake. Kalenda ya mwaka uliokwisha. Saa iliyosimama. Mwisho, picha ya Mama. Nilipoiondoa msumarini, nyuma yake palibaki mstatili wa kijani cha bahari, mbichi kama uliopakwa jana. Pembeni mwake ukuta mzima ulikuwa umepauka, nasi wenye nyumba hatukuwa na habari.

Nikaketi juu ya ndoo ya rangi, picha magotini, karibu na dirisha. Miaka mingi nimepita mbele yake nikienda kula, nikienda kulala, nikidhani naitazama. Leo ndipo nilipoona kwamba huyu ninayemtazama amekwisha kuondoka nusu.

Mama amekuwa mwekundu. Anga iliyokuwa nyuma yake imebaki nyeupe yenye haya ya wekundu, kama alfajiri inayokataa kupambazuka. Majani ya mwembe yamegeuka manjano, manjano ya ugonjwa. Kanga aliyojifunga imebakiwa na waridi hafifu. Macho yako palepale, lakini yananitazama kama kutoka ndani ya chandarua.

Picha hii tuliipiga Idi ya mwaka 2004, uani, hapahapa Tanga. Kamera ilikuwa ya kuazima. Printa ilikuwa ya binamu yetu, imekaa juu ya meza ya chakula, na wino tuliujaza wenyewe kwa bomba la sindano, kwa kuwa bei ya katriji mpya ilikuwa ikishindana na bei ya printa.

Husimuliwa kwamba mwaka 1977, katika maabara ya Canon huko Japani, mtafiti mmoja aligusisha kwa bahati mbaya chuma cha moto cha kulehemia kwenye sindano iliyojaa wino, na wino ukaruka kutoka kwenye ncha. Kutokana na ajali ile ilizaliwa namna mojawapo ya kuchapa kwa matone: joto hufanya kiputo, kiputo husukuma tone, tone hutua. Sisi hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba vidole vyetu vilikuwa vya buluu, na kwamba ilikuwa sikukuu.

Mama alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama kujiona anavyojitokeza mstari kwa mstari: kwanza anga, kisha majani, kisha paji la uso.

"Mbona mnanitoa polepole hivyo?" akauliza, akacheka.

Mwaka 2006 alitangulia mbele ya haki. Picha ikabaki ukutani, na sasa najua kwamba tangu siku ile ya kwanza ilikuwa imeanza kumrudisha alikotoka, polepole vilevile.

Lugha yetu ina maneno mengi kwa jambo hili, na sijui lipi ni lake. Nguo ikifuliwa na rangi ikaenda na maji, tunasema imechuja. Kitu kikikaa sana juani, hupauka. Taa hufifia, na sauti, na tumaini. Pete ya fedha hufubaa. Uso wa mtu ukipitiwa na maradhi au majonzi, husawijika. Nimeyaonja yote mdomoni nikiwa nimekaa juu ya ndoo. Kila neno linamsema aliyepoteza rangi. Hakuna hata moja linalomtaja aliyeichukua.

Nani aliichukua, basi?

Tukitaka jina, mafundi wa picha wanalo. Wino kama ule tulioutia ni wa kuyeyuka, umeyeyuka majini kama sukari kwenye chai. Rangi yake imeshikwa na molekuli nyororo, zenye viungo vinavyonasa mwanga. Mwanga unavipiga kila siku. Na hewani imo ozoni, gesi ileile ambayo huko juu hutukinga na ukali wa jua, lakini huku chini, ikizaliwa na moshi wa magari na mwanga wa mchana, huingia kwenye vitundu vya karatasi na kukata viungo hivyo kimoja kimoja. Unyevu wa pwani husaidia. Kiungo kikikatika, molekuli haiondoki. Inabaki karatasini palepale ilipotua, ila haina tena uwezo wa kuwa na rangi.

Habari hii imenikaa moyoni kuliko nilivyotarajia. Kwamba wino haujaenda popote. Kwamba Mama wa karatasi, yule aliyenyeshewa kwa matone ya pikolita chache, yuko pale tone kwa tone, na kinachokosekana ni kuonekana tu. Je, hiki ndicho wazee walichomaanisha waliposema wafu hawako mbali? Au natafuta faraja ndani ya kemia kwa sababu kwingine nimekwisha kutafuta?

Upo wino mwingine, wa chembe. Huo hauyeyuki; hukaa juu ya karatasi kama vumbi laini la mawe, na kila chembe ina tabaka la nje linalokufa likiikinga chembe ya ndani. Hudumu zaidi, mara nyingi zaidi sana. Mwaka 2004 hatukuujua. Na kama tungeujua, tungeununua? Nani, sikukuu imepamba moto na pilau iko mezani, huwaza picha itakaavyo mwenye picha akiwa hayupo?

Kwenye ukuta huohuo ilikuwepo picha ya Bibi, mama yake Mama, iliyopigwa Unguja enzi za picha nyeusi na nyeupe, zama za studio kama Capital Art, ile aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Zamani hatukusema tunakwenda kuchapa picha, tulisema tunakwenda kuisafisha, kana kwamba mtu tayari yumo ndani ya karatasi na kazi ya fundi ni kumpangusa vumbi. Picha ya Bibi ni ya fedha, chembe halisi za madini zilizolala ndani ya utando mwembamba. Haijatetereka. Kila uzi wa ukaya wake unahesabika.

Hivyo ukutani kwetu mpangilio wa misiba umepinduka. Bibi, aliyekufa nikiwa sijazaliwa, amekaa wima na macho makali. Mwanawe, aliyenifunga vifungo vya shati la shule, anayeyuka pembeni yake. Ninamwona vizuri zaidi yule nisiyemjua.

Hata fedha haikuwa na ahadi mwanzoni. Mwaka 1855, picha zikiwa bado kitu kipya duniani, Chama cha Picha cha London kiliunda kamati ya kuchunguza kwa nini picha zinafifia, na Mwanamfalme Albert akaichangia pauni 50. Walikuta mabaki ya dawa yasiyooshwa vya kutosha, na salfa iliyokuwa ikielea katika hewa ya mji ule wa makaa ya mawe. Nawawaza wazee wale na makoti yao, wameizunguka meza, mbele yao nyuso zinazopauka. Walikuwa na haki ya kushangaa. Waliambiwa wamepata kioo kinachokumbuka, na haikupita hata miaka 20 kioo kikaanza kusahau.

Dada yangu alikuja na chai. Akaitazama picha, akatingisha kichwa.

"Ile kanga yake ya buluu imekwisha kabisa," nikamwambia.

"Buluu ya wapi, mdogo wangu? Ilikuwa zambarau. Mimi ndiye niliyemnunulia doti ile."

"Buluu, Dada. Naikumbuka kwenye kamba, ikipigwa na upepo."

"Unakumbuka kamba."

Tukanyamaza. Kwa printa, buluu na zambarau ni ndugu wa tumbo moja: zote huzaliwa na sayani, ile buluu ya maji, ikichanganywa na majenta, wekundu wa bogenvilia, zikitofautiana kwa kipimo tu. Katika picha kama hii, sayani ndiyo iliyotangulia. Ikishaondoka, zote mbili huacha waridi lilelile. Karatasi haiwezi tena kutuamua. Kanga yenyewe iligawiwa baada ya arobaini pamoja na nguo zake nyingine; aliyeipewa aliitumia kama inavyopasa kutumiwa kanga, akabebea mtoto, akafunikia sinia, akafua, akaanika, mpaka nayo ikachuja na kuwa tambara. Faili la kamera lilikuwa kwenye kompyuta iliyokufa kabla ya mwenye picha kufikisha mwaka kaburini.

Basi mmoja wetu amebeba rangi ya uongo kwa miaka yote hii, na ameilia kwa machozi ya kweli. Haijulikani ni nani. Na je, machozi yanabatilika?

Nikaamua kuitoa picha kwenye fremu. Kioo chake kilivunjika zamani, siku tulipohamisha makabati, na hatukukirudisha. Hewa ilikuwa na ruhusa yote. Ila ukingo wa mbao ulikuwa umeibana karatasi pande zote nne, upana wa ukucha hivi. Nilipoivuta ikatoka, na pale palipobanwa, rangi ilikuwa nzima.

Nzima kabisa. Juu, uzi wa anga ya buluu ya Novemba. Kulia, majani mawili ya mwembe yenye kijani cha mvua za vuli. Chini, mchanga, na ncha ya mkeka wenye ukili mwekundu. Kushoto, kiwiko cha mtu ndani ya mkono wa shati la kijani, mtu aliyekuwa akipita, au aliyesimama karibu akakatwa na kamera.

Mama hakufika ukingoni. Tulimweka katikati, kama mtu anavyomweka anayempenda. Kwa hiyo mwanga wote ukamwangukia yeye.

Nimekaa na jambo hili hadi chai ikapoa. Kilichosalimika ni kile ambacho hakuna aliyekitazama. Kama tungeifungia picha sandukuni, gizani, mbali na upepo wa bahari, leo ningejua rangi ya kanga. Lakini watoto wetu wangepita mezani miaka 20 bila kuuliza, "Huyu ni nani?" Tulitaka awepo sebuleni, na sebuleni kuna mchana. Je, tulimpoteza kwa kumpenda hadharani? Na wangapi nimewatunza vizuri kwa sababu tu siwafikirii?

Nikamwonyesha Dada kile kiwiko. Hakumjua. Tukataja majirani wote wa mwaka ule, walio hai na waliokwenda. Hakuna aliyeingia ndani ya shati lile.

John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, katika kitabu chake cha mwaka 1969, aliyachukua maneno yetu mawili, sasa na zamani, akaeleza kwamba aliyekufa hukaa katika sasa maadamu yupo anayemkumbuka kwa jina. Wa mwisho kumkumbuka akiondoka, huzama katika zamani. Naliwaza hili nikiwatazama wawili hawa wa karatasi moja. Mama ana jina, na rangi yake imekwenda. Mwenye kiwiko ana rangi yote, na jina hana. Yupi kati yao amekufa zaidi?

Mwanangu alichungulia begani kwangu. "Baba, tuipige kwa simu. Kuna programu inarudisha rangi."

Najua itarudisha. Itaupima wekundu, itakisia kilichopotea, na kanga itang'aa. Lakini itakisia kutoka wapi? Kutoka kwa kanga nyingine, kwa wanawake wengine, maelfu wasio Mama. Atasimama mbele yetu amevaa vizuri, nguo ambayo huenda hakuwahi kuivaa, na mwaka mmoja baadaye mimi na Dada tutaapa kwamba ndiyo ile.

Nilimwambia, "Ngoja kwanza." Sikujua nangoja nini.

Ipo buluu moja inayorudi. Mwaka 1843 Anna Atkins wa Uingereza alianza kutoa kitabu cha picha za mwani, kila mmea ukiwa kivuli cheupe katika uwanja wa buluu nzito, kazi ya jua na chumvi za chuma. Buluu ile ikikaa mno mwangani hupauka. Ikirudishwa gizani, penye hewa, siku zikapita, huanza kurejea yenyewe. Niliposoma habari hii zamani niliiona kama kioja cha maabara. Leo naiona kama dhuluma ndogo: kwamba iliwezekana, na haikuwa yetu.

Kwa wino wetu giza halirudishi kitu. Linachelewesha tu.

Adhuhuri fundi alikuwa amemaliza kuta tatu. Nyumba ilinuka upya. Kwenye ukuta wa nne aliuzunguka ule mstatili wa kijani kwa brashi, kwa adabu, kama mtu anavyolizunguka kaburi shambani. Nikaona kitu ambacho asubuhi sikukiona: miaka yote ile, huku akipoteza anga yake na majani yake na kanga yake, Mama alikuwa ameukinga ukuta. Alichukua jua lililokuwa la kijani kile.

Dada alisimama mlangoni akifuta mikono.

"Kaka," fundi akaniuliza, "na hapa napo nipake, au paachwe?"

Hatukumjibu upesi. Tone la rangi nyeupe lilidondoka kutoka kwenye brashi, likatua sakafuni, likaanza kukauka.