MSAMAHA WA MDOMONI

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kwetu Maungu, ambapo matrela ya barabara kuu ya Mombasa huegeshwa usiku kucha, wazazi hutuonya kila siku tujihadhari na wageni. Ni onyo zuri. Lakini mgeni atakuibia tu, basi. Wa kukusaliti ni yule uliyempa moyo wako.

Jambo hili nililiwaza sana nilipotazama mchezo wa runinga uitwao Merlin, ulioonyeshwa na BBC ya Uingereza kuanzia mwaka 2008 hadi 2012. Kwa wale wasioujua, Merlin ni kijana aliyezaliwa na nguvu za uchawi. Anamtumikia Arthur, mwana wa mfalme, katika mji wa Camelot, ambako mwenye uchawi adhabu yake ni kifo. Kwa hiyo anamficha siri hiyo hata Arthur, rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Yuko pia Morgana, msichana aliyelelewa katika jumba la mfalme. Naye anagundua ana uchawi, anaogopa, hana wa kumwambia. Merlin anajua, lakini hamfunulii kwamba wako wawili. Kisha mji mzima unalazwa usingizi kwa uchawi uliotiwa ndani ya Morgana bila yeye kujua, na Merlin anamnywesha sumu ili mji uokoke. Fikiria, msomaji! Rafiki anakupa kinywaji, kumbe ni sumu.

Morgana anapona, anatoweka mwaka mzima, kisha anarudi. Anamwambia Merlin kwa sauti ya asali kwamba anaelewa, angekuwa yeye angefanya vivyo hivyo, tena naye aombe kusamehewa. Merlin anafurahi. Loo! Kumbe ni moto chini ya majivu. Tangu siku ile anatabasamu mezani huku akiwasaidia adui za mji.

Arthur hakufanya hivyo. Mwishoni, akiwa na jeraha la kifo, Merlin anamwambia ukweli kwa machozi. Arthur hasemi "haidhuru". Anamwambia amwache. Anakasirika, anauliza maswali, njia nzima anamtazama kama mtu asiyemjua. Hasira inatoka kidogo kidogo, na kabla ya kukata roho anamshukuru. Huo ndio msamaha nilioamini.

Nilipomsimulia nyanya yangu, ambaye ni Mtaita wa milimani, alicheka akasema kwamba wazee walilijua hilo zamani. Wao walikuwa na kutasa. Mzee alichukua funda la pombe ya miwa au maji, akalipuliza kutoka mdomoni, huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni na kuwatakia wenziwe heri. Iliaminika kwamba hasira iliyofichwa huweza kuleta maradhi katika jamaa. Mtaalamu Grace Harris, aliyekaa Taita mapema miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili, kikachapishwa mwaka 1978. Siku hizi wengi wetu twaenda kanisani au msikitini, lakini fundisho lile halijazeeka. Morgana alitumia mdomo kuifunika hasira. Wazee waliutumia kuitoa.

Nami yamenipata. Mwaka jana rafiki yangu alichukua barua ya mama, iliyoeleza shida zetu za nyumbani, akawasomea wenzake bwenini. Walicheka. Kesho yake akanijia mbio: "Pole bwana, yaishe basi, tupeane mkono." Nikamwambia, "Mkono nitakupa, lakini si leo. Leo bado nalia." Watu walisema nina roho mbaya. Baada ya wiki tatu tulikaa chini ya mti, nikamweleza neno moja moja lililoniuma. Hakujitetea. Alisema alifanya vile ili wale wakubwa wamkubali, naye hakuwa na kingine cha kuwapa. Nililia, akalia. Mkono tulipeana siku ile, na hadi leo twala sahani moja.

Basi wanafunzi wenzangu, mkigombana msikimbilie kupeana mikono kwa sababu kiranja amesimama pale. Aliyekosa aseme kweli yote. Aliyekosewa aseme palipouma, bila tusi, na apewe muda. Walimu wetu wapendwa, nanyi mtuvumilie tunapochelewa kutabasamu. Anayesema "bado nina hasira" yuko njiani kusamehe. Wa kuogopwa ni yule aliyesamehe upesi mno.