Nyumba Njema si Mlango: Kuitambua Kumbukumbu ya Diski Zetu

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu sisi wanafunzi wa fasihi huitumia methali hii tunapojadili tabia za wahusika. Katika makala haya nimekusudia kuielekeza kwenye jambo lisilozungumzwa sana jaridani humu, nalo ni diski tunamohifadhia kazi zetu za utafiti.

Mimi ni mkazi wa mtaa wa Umoja, Eastlands. Utafiti wangu wa Uzamili unahusu hadithi na nyimbo za harusi za wazee wa Pumwani, mtaa ulioasisiwa katika miaka ya 1920. Wawili kati ya wazee walionisimulia wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na sauti zao zimebaki katika kompyuta yangu pekee. Nilipokwenda Buruburu kutafuta diski ya SSD ya kuzihifadhi, niliwekewa mezani mbili zenye ukubwa sawa na bei tofauti. Nilipouliza sababu, muuzaji alinijibu, "Mwalimu, zote ni SSD." Alisema kweli, lakini kweli hiyo haikutosha.

Diski ya namna hii haina sahani inayozunguka. Data huhifadhiwa kama chaji ya umeme ndani ya seli ndogo mno za kumbukumbu ya flashi, uvumbuzi wa Mjapani Fujio Masuoka, aliyekuwa mhandisi wa Toshiba katika miaka ya 1980. Aina hutofautiana kwa idadi ya biti zinazotiwa katika seli moja: SLC biti 1, MLC 2, TLC 3 na QLC 4. Kila biti inapoongezwa, viwango vya chaji vinavyopaswa kutofautishwa huzidi maradufu: 2, 4, 8, hatimaye 16. Ni mfano wa chumba cha kupanga mtaani kwetu. Wapangaji wakiongezeka, kodi ya kila mmoja hupungua, lakini nafasi hubana na chumba huchakaa upesi.

Majina yenyewe nayo hupotosha. MLC maana yake ni seli ya viwango vingi, ndiyo maana Samsung iliwahi kuziita diski zake za TLC "MLC ya biti 3". TLC nayo hudai viwango vitatu ilhali vyake ni 8.

Basi mnunuzi ataitambuaje? Kwanza, asome jina kamili la modeli, kisha waraka wa mtengenezaji. Samsung 870 EVO ni TLC, ilhali 870 QVO ni QLC. Kwa ukubwa wa terabaiti 1, ya kwanza imedhaminiwa hadi ziandikwe terabaiti 600, ya pili 360. Takwimu hiyo, iitwayo TBW, hudokeza aina hata pale waraka unaponyamaza. Pili, anakili faili kubwa mfululizo. Diski ya QLC huanza kwa kasi kwa kuwa sehemu ya seli zake hutumiwa kwa muda kama SLC. Sehemu hiyo ikijaa, kasi huporomoka. Hii ni dalili tu, maana TLC za bei nafuu pia hupungua kasi. Tatu, zipo programu zinazosoma namba ya utambulisho wa chipu kupitia kidhibiti cha diski, ingawa kila moja huoana na vidhibiti fulani tu. Njia hii ina faida yake, kwani mwaka 2021 ilibainika kuwa Crucial P2 ilikuwa imehamishwa kutoka TLC hadi QLC, jina likabaki lile lile.

Nionavyo mimi, QLC si ya kutupwa. Humfaa mtu anayesoma sana na kuandika kwa nadra. Hata hivyo, chaji ya seli yoyote huvuja polepole diski ikikaa muda mrefu bila umeme, na viwango vikisongamana, nafasi ya kukosea huwa finyu zaidi. Kwa hiyo nilichagua TLC, nikaweka nakala ya pili katika diski ya kawaida ya sahani. Nawasihi wanachama wenzangu wanaorekodi wazee wafanye vivyo hivyo kabla ya kurudi nyanjani, kwa sababu msimulizi aliyefariki hatarudia hadithi yake.