Mifupa ya Majitu

Imeenea katika simu za vijana wetu hapa Shinyanga, na hata kwa wachimbaji dhahabu wa Geita, picha ya fuvu la mtu linalompita kwa ukubwa mchimbaji aliyechutama kando yake. Maandishi yake yasema kuwa ni mabaki ya kaumu ya Adi, yaliyofukuliwa katika jangwa la Arabuni. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa yuko machimboni, aliniletea nikaioneshe darsani, ili imani ya watoto izidi. Nilikataa.

Picha hiyo ilitungwa mwaka 2002 kwa ajili ya mashindano ya kugeuza picha. Asili yake ni picha ya mwaka 2000 kutoka Hyde Park, katika jimbo la New York, watu walipokuwa wakifukua mifupa ya mastodoni, mnyama wa kale mwenye nasaba na tembo.

Mzee mmoja alinilaumu: "Mwalimu, uongo huu una kheri, waache watoto waamini." Lakini habari za Nabii Hud, alayhi salaam, tumezipokea kwa Wahyi, wala hazingoji fuvu. Surat Hujurat yatuamuru tuhakikishe habari kabla ya kuifuata. Na mtoto atakapojua kesho kuwa mwalimu wake alimwonesha picha ya uongo, je, hatatilia shaka na aya aliyomsomesha?

Sisi wa Usukumani, tuliolelewa na hadithi za Shing'weng'we, twapenda majitu. Basi yapo ya kweli, nayo ni wanyama. Kando ya mto Luján, Argentina, ilifukuliwa mifupa ya mla majani mwenye makucha marefu, mkubwa kama tembo, ikapelekwa Madrid mwaka 1788. Mwaka 1796 Cuvier, mtaalamu wa Ufaransa, alimwita Megatherium. Jamaa zake waliobaki ni wanyama wadogo, wazito wa mwendo, waning'iniao mitini.

Kijana wangu akauliza kama nao Geita watakuta mifupa ya namna hiyo. Katika mwamba wa dhahabu, hapana: una umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, na wakati huo hapakuwa na kiumbe mwenye mfupa. Mifupa huhifadhika katika matope ya maziwa na majivu ya volkano, kama kule Olduvai, ng'ambo ya Serengeti. Huko Mjerumani Hans Reck alifukua mwaka 1913 mabaki ya mnyama mfano wa nyati, ambaye pembe zake, ncha kwa ncha, zapita urefu wa mtu. Makumbusho mapya yalifunguliwa hapo mwaka 2017, nasi tumeanza kuchanga nauli ya wanafunzi.