Ile Siri ya Wachina ya Presha ni Ndengu

Wasee, kuna "siri ya Wachina ya kuponya presha" inayouzwa mitaani kwa pakiti, halafu kuna kile Wachina wenyewe hula. Nimesoma kuhusu vyote viwili mwezi mzima na manze, havifanani hata kidogo.

Kutibu kwa chakula huko Uchina kunaitwa shiliao, na si jambo la juzi. Karne ya 7 daktari mmoja, Sun Simiao, aliandika kwamba tabibu atafute kwanza chanzo cha ugonjwa, ajaribu kuutibu kwa chakula, na chakula kikishindwa ndipo alete dawa. Soma hiyo tena polepole. Mzee hakusema dawa zitupwe.

Kwa lugha ya tiba yao, presha mara nyingi husemekana ni nguvu ya ini iliyopanda kichwani, kwa hivyo mtu hulishwa vitu vya "kupoza": seleri, chai ya maua ya krisanthemamu, uyoga mweusi, na supu ya mbegu fulani ndogo za kijani. Nilipoona picha nikacheka. Ndengu! Zile zile unazonunia ukizikuta kwa sufuria Jumanne.

Hiyo habari ya ini mimi siinunui. Lakini chakula chenyewe kimepimwa. Mwaka 2022 watafiti wa huko walichapisha jaribio la watu 265 wenye presha, kutoka Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Kwa siku 28 kundi moja lilikula kama kawaida. Lingine lilipikiwa mapishi ya kwao yale yale, ila sodiamu ilikatwa karibu nusu, mafuta yakapunguzwa, mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa zikaongezwa. Ile namba ya juu ya presha ikashuka kwa 10 zaidi ya wale wengine. Hakuna aliyeuziwa pakiti.

Sasa nije kwa mathe. Alikuwa amepimwa 160 kwa 100, akapewa tembe moja kila asubuhi. Mama fulani wa chama akamuuzia chai ya kijani ya "kusafisha mishipa" na kumwambia Wachina hawajui tembe. Wiki ya pili nikakuta dawa zimesukumwa nyuma ya kopo la majani chai. Mimi ndiye niliyeacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nikianza kuhubiri kuhusu kumaliza ulichoanza, najua nitajibiwa nini. Nikapiga picha mgongo wa pakiti, simu ikatafsiri. Kwenye orodha kulikuwa na gancao.

Gancao ni mzizi mtamu ambao Wachina hutia kwenye michanganyiko mingi ya mitishamba. Ukitumiwa sana, unapandisha presha. Unapandisha! Nikamsomea mathe kwa sauti. Alinyamaza, akachukua tembe na glasi ya maji, na tangu hapo jina la yule mama halitajwi kwetu.

Kinachoniuma ni kwamba kitu cha maana kutoka Uchina hakiuzwi na mtu yeyote wa chama. Kuna utafiti mwingine, wa 2021, kwenye vijiji 600 na watu karibu 21,000: waliotumia chumvi iliyochanganywa na potasiamu, robo hivi, walipata kiharusi kwa asilimia 14 chini ya waliobaki na chumvi ya kawaida. Lakini kama mtu wenu ana shida ya figo, au anameza dawa za presha, usimletee hiyo kabla ya kuuliza kliniki, potasiamu inaweza kumdhuru.

Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate, soseji na viungo vya pakiti. Hebu hesabu chipsi zako za jana. Kwetu kichupa cha chumvi kimehamishwa kutoka mezani hadi juu ya kabati, na mwenye urefu wa kukifikia ni mimi tu.