Kitabu cha Wanachama Pekee

Mpenzi msomaji, je, umewahi kuambiwa "hiki si chako kukitazama" ilhali moyoni una hakika kwamba ni haki yako? Mimi nimeambiwa hivyo mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa katika ufuo mmoja wa ziwa upande wa Migori, na mara ya pili mjini Homa Bay. Maneno yalikaribia kuwa yale yale. Mara ya kwanza nilikasirika, na mara ya pili nikanyamaza kwa adabu. Leo nikiyapima mambo hayo naona kwamba nilikosea mara zote mbili. Hebu nikusimulie.

Marehemu mama yangu alikuwa mchuuzi wa omena. Wewe unayeinunua omena kwa gorogoro pale sokoni mjini huenda hujui imetoka wapi. Huvuliwa usiku wa giza, taa zikielea juu ya maji ili kuwavuta samaki, na kabla jua halijachomoza wanawake huwa wamekwisha kujipanga ufuoni na makarai yao wakingoja mashua zirudi. Kisha huanikwa juani juu ya nyavu kuukuu. Mvua ikinyesha kabla haijakauka, mtaji wote umeoza. Aidha, kwa miaka mingi serikali imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo minne, mchuuzi asiye na akiba hulala njaa yeye na watoto wake.

Ndiyo sababu wanawake wa ufuo ule walikuwa na chama cha kuweka akiba. Mtindo wao ulikuwa ule uliobuniwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi za Afrika. Huwa kuna sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe hukaa kwa mwanachama wa nne. Hakuna awezaye kulifungua peke yake. Hufunguliwa siku ya mkutano tu, mbele ya macho ya wote. Katika chama cha mama, ndani ya sanduku mlikuwa na pesa pamoja na kitabu kikubwa chenye jalada gumu, na kila mwanachama alikuwa na ukurasa wake.

Mama aliaga dunia mwaka 2018. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi mjini Homa Bay. Nilipanda matatu hadi Rongo, nikapitia Awendo na Migori, kisha nikateremka hadi ziwani kwetu. Wajua jinsi matanga ya kwetu yalivyo. Kuna hema, kuna viti, kuna ng'ombe, na kuna wageni wasiohesabika. Tulipomaliza kuzika, mimi kifungua mimba nilibaki na deni ambalo sikujua nitalilipa vipi. Nikakumbuka chama cha mama. Asubuhi ya pili nikaenda ufuoni kumwona katibu, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akichambua omena chini ya mti.

"Pole kwa msiba, mwanangu," akaniambia. "Lakini kitabu hiki ni cha wanachama walioandikishwa. Wewe huna ukurasa humu."

"Mama, mimi ndiye mwanawe wa kwanza," nikamjibu. "Tena pesa nyingine alizoweka nilimtumia mimi, kwa simu."

"Naam, ulimtumia yeye. Hukukitumia chama," akasema, huku mikono yake ikiendelea na kazi. "Njoo Alhamisi. Sanduku litafunguliwa, na yule aliyeandikwa na marehemu atasomewa ukurasa wake."

Niliondoka nikitokwa na jasho la hasira. Nilifikiri hata kwenda kwa chifu. Alhamisi ilipofika nilikuwa wa kwanza ufuoni, nimevaa koti. Mkutano ulipoanza, jina lililosomwa halikuwa langu. Mama alikuwa amemwandika shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu aliyefariki akaacha watoto watatu. Yeye ndiye aliyeitwa ndani ya duara la wanawake. Mimi niliombwa, kwa heshima zote, nikakae kule kwenye mashua pamoja na wanaume wengine.

Hadi leo sijui zilikuwa shilingi ngapi. Ninachojua ni kwamba mtoto mkubwa wa ndugu yangu aliingia kidato cha kwanza Januari iliyofuata na hakurudishwa nyumbani kwa karo. Shemeji naye akawa na nyavu zake mwenyewe za kuanikia omena. Na wewe msomaji nitakwambia ukweli ambao sikuwaambia watu wa nyumbani. Lau ukurasa ule ungefunguliwa mbele yangu siku ile ya kwanza, pesa zile zingemlipa mwenye hema na mwenye ng'ombe. Watoto wangekula matanga ya nyanya yao.

Miezi kadhaa baadaye nilirudi kumwomba katibu radhi. Ndipo akanieleza asili ya kanuni ile. Zamani kitabu chao kilikuwa wazi kwa yeyote. Siku moja mume wa mwanachama alikuja akakipekua, akaona akiba ya mkewe, na jioni ile ile mke akaitishwa pesa kwa ngumi. Baada ya hapo wanawake kadhaa waliacha kuweka akiba, si kwa kukosa pesa bali kwa kuogopa kuonekana wanazo. Chama kikakubaliana kwamba asiyeandikishwa asione ukurasa wa mtu, awe mume, mwana au mchungaji. Akiba zikarudi.

Basi mimi nikajiona nimeerevuka. Kumbe mwerevu huyo alikuwa bado ana somo jingine la kujifunza.

Mjini Homa Bay tulikuwa na chama chetu cha kufaana, sisi wafanyakazi na wenye biashara ndogo ndogo. Nilikuwa nimeandikishwa, nina nambari, nalipa kila mwisho wa mwezi. Mwaka 2020 nilitaka kujua nimefikisha kiasi gani kwa ajili ya karo ya mwanangu. Mweka hazina akaniambia, "Ndugu yangu, kitabu hiki kina siri za wanachama. Hatuwezi kukifungua ovyo ovyo."

Unadhani nilibisha? La hasha! Nilikumbuka kisa cha ufuoni, nikatikisa kichwa kwa kukubali, nikajiambia hawa ni watu wa utaratibu. Niliendelea kulipa. Mwaka uliofuata mwenzetu mmoja alifiwa na mkewe akahitaji msaada, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hapakuwa na pesa. Kitabu kilipotolewa hatimaye, kurasa nyingi hazikuwa na lolote ila majina yetu. Mwanangu alikaa nyumbani muhula mzima.

Tazama basi, msomaji, jinsi neno moja linavyoweza kuvaa nguo mbili. Katibu wa ufuoni alimfungia nje asiye mwanachama ili kumlinda mwanachama. Mweka hazina wa mjini alimfungia nje mwanachama ili kujilinda yeye mwenyewe. Ua wa boma hujengwa kuzuia fisi, lakini mwenye boma akikosa mlango wa kuingilia, ua huo ni wa nani?

Sheria zetu nazo zinalijua jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, inalinda mambo ya faragha ya mtu na ya jamaa yake yasianikwe bila sababu. Kifungu cha 35 nacho kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa mtu mwingine iwapo anazihitaji ili kulinda haki yake. Vifungu hivi viwili havipigani. Cha kwanza ni ua, cha pili ni mlango. Mwaka 2019 ikaja sheria ya kulinda habari za watu binafsi, nayo pia inampa mtu haki ya kuona yale yaliyoandikwa kumhusu.

Hata ufuo wenyewe una daftari lake. Kanuni za BMU za mwaka 2007 ziliweka utaratibu wa kuwaandikisha wenye mashua, wavuvi na wachuuzi wa samaki ili wawe na sauti katika kusimamia ufuo wao. Daftari la namna hiyo lina maana pale tu kila aliyemo anajua kwamba yumo. Mtu asiyeruhusiwa kujua kama jina lake limeandikwa, huyo hajaandikishwa. Amehesabiwa tu, kama mifuko kwenye lori.

Kwa hivyo, iwapo wewe au wazazi wako mko katika chama, ushirika au kikundi cha mazishi, jiulizeni mambo haya. Je, kanuni za kikundi zinaweza kusomwa na mtu yeyote kabla hajajiunga? Je, jumla ya pesa zote hutajwa mbele ya wanachama wote? Je, kila mwanachama aweza kuuona ukurasa wake mwenyewe bila kumbembeleza mtu? Na je, ukurasa wa mmoja umefichwa kwa jirani, kwa mume, na kwa mwana mwenye haraka kama mimi? Majibu yote yakiwa ni ndiyo, weka pesa zako ulale usingizi. Moja likiwa hapana, uliza tena mkutanoni kwa sauti ya kusikika.

Nanyi vijana mnaosoma ukurasa huu, kesho mwulizeni mama yenu kama ameuona ukurasa wake mwaka huu. Mwulizeni pia kama amekwisha kuandika jina la atakayeusomewa siku yeye hayupo. Msimwulize ni nani, wala msimwulize ni shilingi ngapi.

Mimi nilijiunga na chama kingine hapa mjini. Kila robo ya mwaka husomewa ukurasa wangu, faraghani, mimi na katibu tu. Pale penye jina la mrithi nimekwisha andika. Mwanangu mkubwa amejaribu kunidadisi mara mbili, na mara zote mbili nimemwambia kwamba kitabu kile ni cha wanachama.