Besi ya Baba Mdogo

Kwa zaidi ya miaka kumi nilimdanganya baba yangu mdogo. Kila aliponiuliza, "Umenisikia?" nilimjibu, "Nimekusikia, baba." Ukweli ni kwamba sikuwa nimemsikia hata kidogo.

Swali lenyewe lilihusu wimbo mmoja. Katikati ya miaka ya 1980 alikuwa mpiga gitaa la besi kwenye bendi moja ya Morogoro. Si bendi kubwa kama Mlimani Park au Msondo, ni bendi ambayo leo hata wenyeji wa mji wameisahau. Siku moja walipanda basi na vyombo vyao mpaka Dar es Salaam, wakaingia studio ya Redio Tanzania, Barabara ya Pugu, wakarekodi nyimbo chache. Mmoja ulipigwa redioni kwa muda. Mtu akaunasa kwenye kaseti, kaseti ikaja kuhamishiwa kwenye kompyuta, na mwisho wimbo ukanifikia kwa WhatsApp. Dakika sita na ushee. Huo ndio urithi wote wa maisha yake ya muziki.

Nikawa nausikiliza kwenye daladala, Mbagala hadi Posta, kwa eafoni za elfu tatu nilizonunua kwa mmachinga dirishani. Niliwasikia waimbaji, nikayasikia matarumbeta, nikalisikia gitaa la solo likilia. Besi je? Kulikuwa na kitu kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu. Nilikuwa kama msomaji aliyepewa riwaya ambayo robo ya chini ya kila ukurasa imechanwa, naye anaapa kwamba ameimaliza.

Mwaka jana upande mmoja wa eafoni ulikata, na bahati nzuri nilikuwa nimelipwa kazi ya tafsiri. Nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani akanionyesha za kuchomeka ndani ya sikio, zenye waya, shilingi elfu themanini na tano. Nilisimama pale nikipiga hesabu ya mchele. Nikanunua. Nyumbani nilitaja bei pungufu.

Usiku ule nikazichomeka, nikauweka wimbo wa baba mdogo. Jamani! Sauti nyembamba, kavu, afadhali hata zile za elfu tatu. Nilikaa kitandani nikiwaza namna ya kumkabili yule kijana kesho yake.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Ndani ya boksi mlikuwa na vipira vya silikoni vya saizi tatu, nami nilikuwa nimeviacha vile vya kati vilivyokuja navyo, vikicheza ndani ya masikio. Uzi mnene kuliko wote wa gitaa la besi, ukipigwa mtupu, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Kispika kidogo kama punje ya mahindi hakiwezi kuifikisha sauti nzito namna hiyo mpaka tundu la sikio liwe limezibwa sawasawa. Ukiacha mwanya, sauti nyembamba zitabaki lakini besi itavujia nje. Nikaweka vipira vikubwa kushoto, vya kati kulia, maana masikio yangu, nimegundua uzeeni, hayalingani.

Nikaurudia wimbo. Akaingia.

Sijui niseme nini zaidi. Mtu niliyekuwa namwamkia kila Pasaka alikuwa anatembea chini ya wimbo ule kwa miguu yake mwenyewe, bila haraka, akiwabeba wenzake wote. Dakika ya nne, mwimbaji anavuta neno la mwisho wa ubeti, na besi inakawia kidogo, kama inamsubiri amalize, ndipo inashuka. Nilipasikiliza mahali pale mara tisa.

Nilisikia na mengine: mkwaruzo wa kaseti, sauti ya matarumbeta iliyobanwa ikawa kama bati. Eafoni nzuri haziusafishi wimbo. Zinaacha tu kuuficha. Na daladalani sasa napiga kwa sauti nusu, kwa sababu silikoni inazuia honda na konda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mimi kwa zile za zamani nilikuwa nashindana na injini kila asubuhi.

Baba mdogo hakuwa na wa kumshauri. Alisimama miaka mingi kando ya ngoma na spika, na sasa masikio yamechoka. Kelele huanza kula sauti za juu, kwa hiyo wajukuu wakimwita hasikii, lakini lori likipita barabarani anageuka.

Pasaka nilikwenda Morogoro. Baada ya shikamoo na chai nikamchomekea eafoni mwenyewe, nikihakikisha vipira vimekaa. Alifumba macho. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kutembea juu ya paja. Ilipofika dakika ya nne vikasimama.

"Pale nilikosea," akasema, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezibwa masikio.

"Wapi, baba?"

"Pale. Nilichelewa kuingia. Tuliomba turudie, fundi mitambo akasema muda umekwisha." Akatoa upande mmoja. "Miaka yote hii nawauliza, umenisikia, umenisikia. Wote mnasema ndiyo. Nikajua basi, kila mtu analisikia lile kosa, ila mna adabu."

Nilihisi aibu imenipanda mpaka shingoni. Mimi nilidhani mzee anatafuta sifa, nami nikawa namgawia bure.

Ikabidi niseme. Nikamwambia sikuwahi kumsikia mpaka mwaka jana, kwamba nilikuwa namjibu ili afurahi. Na nikamwambia kwamba pale alipochelewa ndipo ninapopapenda kuliko pote, nilidhani alikuwa anamsubiri mwimbaji.

Alinitazama kwa muda, kama anayekagua kama huo nao ni uongo.

"Weka tena," akasema.

Aliusikiliza mara tatu. Kisha akaniuliza bei. Nikamtajia ile ya kweli, akaguna, na sikurudi nazo Dar.