Kabla ya Kuwasha

Mgawo wa umeme wa mwaka 2006 ndio ulionikutanisha na mashine ya dizeli. Maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yamepungua vibaya, na sisi mafundi wa kuchomelea pale Gerezani tulishinda tumekalia mageti ya watu ambayo hayajaisha, tukisubiri umeme urudi usiku. Mashine zetu zilikuwa za kienyeji, waya wa shaba uliosukwa kwa mkono kwenye mabati ya transfoma kuukuu. Umeme ukikatika, na riziki imekatika.

Tajiri wetu alipochoka kurudisha advansi za wateja, akanunua mashine ya mtumba kutoka Japani: injini ya dizeli yenye silinda tatu, na jenereta ya kuchomelea nyuma yake, vyote ndani ya boksi moja la bati. Ilikuwa na nguvu ya kufika amperi 300. Iliposhushwa kwenye Kenta kila mtu alitaka kuisikia ikinguruma. Aliyekataa alikuwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye bomba la TAZAMA, lile la mafuta linalotoka Dar es Salaam hadi Ndola.

“Kuwasha hata mtoto anaweza,” alisema. “Kwanza tujue inakaa wapi.”

Tajiri alitaka ikae ndani, kwenye chumba cha bati chenye mlango mmoja, isije ikaibiwa. Mzee akamwambia, “Bosi, ukiiweka humo wezi hawataichukua, ila sisi tutachukuliwa.” Moshi mweusi wa dizeli watu wanauona na kuukimbia. Kinachoua ni kaboni monoksidi iliyomo humo humo, ambayo haina rangi wala harufu. Mtu anaanza na kichwa kuuma, anadhani ni njaa au jua, anakaa chini apumzike, basi. Miaka ya baadaye, kwenye mradi mmoja ambao siutaji, niliona mlinzi akitolewa amelegea ndani ya kontena, mashine ikiwa inanguruma hatua chache kutoka mlangoni na ekzosi imeelekezwa ndani. Mlango ulikuwa wazi. Alipona, lakini kuanzia siku hiyo simwelewi mtu anayeniambia kwamba dirisha linatosha.

Tukajenga kibanda nje, nguzo na paa, pande zote wavu wa chuma. Mzee alituuliza swali ambalo kwenye kitabu cha mashine sijalikuta hadi leo: kusi ikianza kuvuma, moshi huu utaenda kwa nani? Sisi tulikuwa tumeelekeza ekzosi kwa upepo wa wiki ile tu. Ikabidi tuigeuze mashine yote, isije kufika Juni tukamfukiza mama lishe na wateja wake. Akapima pia nafasi ya hewa. Upande wa rejeta hakuruhusu ukuta wala gunia wala spea ya gari, kwa sababu injini inayovuta hewa yake yenyewe ya moto haichukui muda kuchemka.

Kisha ikaja ethi, njia ya kupeleka umeme ardhini. Mashine hizi huwa na soketi za kuendeshea grainda na taa, na hapo ndipo bodi inaweza kupata umeme bila mtu kujua. Tulizika fimbo ya shaba, tukaifunga kwenye bodi kwa waya mnene. Baadaye, tulipoihamishia juu ya gari, mzee alitukwangulisha rangi kwenye chasisi hadi chuma cheupe kikaonekana, ndipo bolti ikakazwa. Rangi ni kihami, na gari limesimama juu ya mpira. Waya uliofungwa juu ya rangi ni pambo.

Ugomvi mkubwa kati yake na tajiri ulikuwa juu ya taa za duka. Tajiri aliona soketi ile, akataka waya wake uchomekwe kwenye soketi ya ukutani ili duka zima liwake wakati wa mgawo. Mafundi wengi walikuwa wakifanya hivyo mwaka ule, na wengine wanafanya mpaka sasa. Bila swichi ya kubadilishia, umeme huo unapanda nguzoni kinyumenyume, unapita kwenye transfoma ya mtaa na kukuzwa kuwa maelfu ya volti. Fundi wa TANESCO aliyeko juu ya nguzo anaamini laini imekufa. Tajiri alinung'unika bei ya swichi, akainunua.

Niliendelea na mashine ile mpaka nikaenda VETA Chang'ombe kupata cheti, na cheti ndicho kilichonipeleka kwenye bomba la gesi la Mtwara kuja Dar es Salaam, la inchi 36, ambalo ujenzi wake ulianza miaka ile ya 2012 na 2013. Huko hakukuwa na umeme wa kuomba. Kila mchomeleaji alikuwa na injini yake, na kazi ilisogea porini kiungo kwa kiungo, na viungo vinapigwa eksirei. Watu huniuliza juu ya simba wa Rufiji. Mimi nakumbuka zaidi jasho.

Joto la Lindi linalowesha glovu, na glovu iliyolowa si glovu tena. Mashine ikiwa inazunguka na hujagusisha fimbo ya kuchomelea, kwenye holda inayoishika zinakaa volti 60 hadi 80 hivi. Mkono mkavu unaweza usisikie kitu. Mwili uliolowa, umelala juu ya chuma, ni habari nyingine. Wazoefu ndio walionitisha zaidi, kwa sababu ya tabia yao ya kubana holda kwapani wanapobadilisha fimbo. Kwapa ndipo mahali penye jasho kuliko pote, na moyo uko pembeni. Tena kwenye bomba mnakuwa wawili, kila mmoja upande wake. Mashine mbili zikifungwa kinyume, mmoja chanya na mwenzake hasi, volti kati ya holda zenu zinajumlishana. Ndiyo maana hatukupokezana holda, hata kwa utani.

Klampu ya kurudishia umeme tuliifunga karibu na kiungo, juu ya chuma kilichosafishwa. Wavivu huifunga popote penye chuma, na umeme hutafuta njia yake: kwenye mnyororo wa kreni, kwenye waya wa grainda. Niliwahi kuitwa kwenye mashine ya kusaga nafaka iliyokuwa ikilia baada ya kuchomelewa stendi. Umeme ulikuwa umepita kwenye beringi, ukaacha vidonda vidogo vyeusi kwenye gololi.

Asubuhi ilianza kwa oili, maji na mkanda wa feni, injini ikiwa baridi. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi. Nimeona uso uliobabuka, sina haja ya kueleza. Dizeli tulijaza mashine ikiwa imezimwa na kupoa, tukiacha nafasi juu ya tangi kwa sababu mafuta yakipata joto yanatanuka. Vijana walikuwa wakibisha kwamba dizeli si petroli, haiwaki kirahisi. Kwenye bakuli, kweli. Ikidondokea ekzosi iliyowaka tangu saa moja asubuhi, mabishano yanakwisha.

Wengi hawaamini kwamba injini hii inaumia kwa kukaa bure pia. Ikiachwa ikinguruma siku nzima bila mzigo, haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, na masizi yenye mafuta yanaganda kwenye ekzosi. Ukizidisha mzigo nako kuna kiwango: iliyoandikwa asilimia 60 kwa amperi 300 ina maana ya dakika sita za kuchoma katika kila kumi, zinazobaki ipoe. Jioni unaiacha izunguke polepole dakika chache ndipo unazima.

Siku hizi nina mashine zangu, nakodisha. Mteja akinipigia, nauliza itakaa wapi kabla sijataja bei, na naenda mwenyewe kuiweka. Gharama hiyo iko ndani ya ankara. Wapo wanaosema, “Fundi, wewe tuletee tu, kuweka tutaweka wenyewe.” Hao huenda kwa jirani yangu, ambaye ni nafuu, na sijawahi kugombana naye kwa hilo.